Naombeni ushauri: nadaiwa sufuria ambazo sikuagiza

MamaTumaini_Umoja
Hamjambo wanajamvi. Naombeni ushauri maana sina usingizi. Tangu mwezi uliopita kuna watu wananipigia simu wakidai 18,500 za seti ya sufuria kumi na mbili na vifuniko vyake. Sikuagiza sufuria kwa mtu yeyote. Wanapiga alfajiri, wanapiga nikiwa kazini, na jana wamempigia shemeji yangu. Sasa wanasema Ijumaa wanakuja na dalali kubeba TV na friji, na jina langu linakwenda CRB, wale wa kumbukumbu za mikopo. Ploti yetu ina geti moja, wakija kila mpangaji ataona. Je, nikope kwa chama nilipe yaishe?

Fundi_Kariobangi
Pole sana dada. Mimi nilisumbuliwa na deni la mtu aliyekuwa na laini yangu kabla yangu. Nikachoka, nikabadilisha nambari. Hasara niliyopata! Wateja wa mageti na madirisha walinitafuta wakanikosa, wakaenda kwa fundi wa pili. Usibadilishe laini, hilo nakuomba.

Shosho_wa_Kangundo_Road
Nyinyi mnapenda vya kuletewa mlangoni. Sisi tulikwenda Kamukunji wenyewe, sufuria inagongwa ukiitazama, unaigeuza, unaigonga kwa kidole, ndipo unatoa pesa. Zangu zinapika hadi leo.

Karani74
Shosho, hajasema alinunua. Mama Tumaini, hizo sufuria zilikufikia ama hazikukufikia? Hapo umeruka.

MamaTumaini_Umoja
Zililetwa na kijana wa boda. Nilikuwa nafua, mikono imejaa povu. Akasema, "Mzigo wa Mama Tumaini, umeshalipiwa." Nikadhani ni dadangu wa Mombasa, alikuwa ameniahidi zawadi. Nikajipangusa kwa leso, nikatia sahihi kwa kitabu chake na nambari ya kitambulisho.

Karani74
Na ukazitumia?

MamaTumaini_Umoja
Dadangu alisema si yeye. Boksi likakaa chini ya kitanda wiki tatu nikingoja mwenyewe aje. Hakuja, nikafungua. Simu zilipoanza nikawatumia 3,000 wanyamaze. Sikuandika hayo mwanzoni kwa sababu nilijua mtanilaumu mimi. Mume wangu hajui chochote, na akijua kupitia kwa dalali nyumba itawaka moto. Mweka hazina wa chama nimeshaongea naye, pesa ziko. Sufuria zote tisa ziko hapa, sijaharibu hata moja.

Karani74
Usikope. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inasema ukiletewa kitu ambacho hukuomba, huna wajibu wa kukilipia. Na kulipa peke yake hakuhesabiwi kuwa uliagiza, kwa hivyo hiyo 3,000 isikutie hofu. Sahihi yako inaonyesha ulipokea mzigo, haionyeshi uliuagiza. Dalali naye habebi friji ya mtu kwa deni kama hili kwa kuambiwa kwa simu: anahitaji amri ya korti, na hata akiwa nayo anaandika orodha ya vitu kwanza na kukuachia notisi ya siku 7. Wakidhani wana kesi, kuna Korti ya Madai Madogo, inasikiza madai hadi milioni moja. Waende.

Mpelelezi_Buruburu
Ngojeni kidogo. Mwanzo sufuria kumi na mbili, sasa "zote tisa". Huu uzi umetungwa. Watu hapa wamemaliza bando kumshauri mtu asiyekuwepo.

Fundi_Kariobangi
Aisee, hata mimi sikuona hiyo. Mama Tumaini, tueleze.

Shosho_wa_Kangundo_Road
Mtu mwongo hufua akiwa na povu mikononi? Mwacheni aseme.

MamaTumaini_Umoja
Sijatunga. Tatu nilimpelekea mamangu Kitui. Sufuria yake ya muthokoi ina tundu, anaiinamisha juu ya mafiga ili maji yasifike pale, na anakaa hapo akiishikilia hadi iive. Nilimpa kubwa tatu. Alizisugua kwa mchanga siku hiyo hiyo ingawa zilikuwa mpya. Ndiyo maana siwezi kurudisha seti. Siendi kumnyang'anya, heri nilipe.

Mpelelezi_Buruburu
Basi nisamehe dada. Nilikuwa mkali.

Karani74
Hata hizo tatu hazibadilishi kitu. Sheria hiyo hiyo haikuwekei wajibu kwa kuvitumia wala kwa kumpa mtu. Wakipiga, usiseme "nitalipa" wala "nipeni muda". Waambie wakutumie kwa maandishi: uliagiza siku gani, wapi, na nambari ya shemeji waliitoa wapi. Hilo la shemeji ni la Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, unalalamika kupitia tovuti yao bila malipo. Ripoti ya CRB pia unaweza kuiomba bure mara moja kwa mwaka, ujionee mwenyewe.

Shosho_wa_Kangundo_Road
Na mwambie mume wako leo, mwanangu. Mwandalie chakula ndani ya hiyo sufuria, kisha umwambie.

MamaTumaini_Umoja
Wamepiga sasa hivi. Nimesema kama Karani alivyonifundisha: nitumieni karatasi niliyoagizia. Yule mtu akanyamaza, nikasikia akiulizana na mwenzake. Kisha akaniuliza kama leo ningeweza kutuma elfu moja tu.

Mume wangu anafika saa mbili. Nimeweka githeri jikoni.