Msaada: PhysX haitaki kutumia kadi, na kuna mtu ananisubiri

Kijana wa Bombo
Habari zenu wakuu. Naomba ushauri wa haraka kabla sijafanya uamuzi. Hapa kuna kompyuta yenye kadi ya picha ya NVIDIA ya GB 8, mpya. Nacheza Batman: Arkham City, ile ya 2011. PhysX, ile teknolojia ya NVIDIA ya kukokotoa mwendo wa moshi na vitu ndani ya gemu, ikiwa imezimwa gemu inateleza vizuri mno. Nikiiwasha ili moshi utawanyike na karatasi zipeperuke, mambo yanaharibika. Ukipigana penye ukungu picha inakwama, inakwenda, inakwama tena. Nimeingia kwenye paneli ya NVIDIA, pale pa kuchagua nani abebe PhysX, nikaondoa ile ya kujichagulia na kuilazimisha itumie kadi. Hakuna kilichobadilika. Nimesoma kwamba watu huongeza kadi ndogo ya pili ifanye PhysX peke yake. Je, inafanya kazi? Ndiyo au hapana tu.

Boda wa Ntinda
Banange, gemu ya 2011! Ssebo, tafuta PlayStation ya mtumba ucheze mpira kama watu wengine. Mimi na wenzangu stejini tunachanga, anayefungwa ananunua rolex (chapati ya mayai) za wote. Hakuna cha moshi wala karatasi.

Shangazi Mbale
Mwanangu, una miaka mingapi? Siulizi kwa ubaya.

FundiWaya
"GB 8" si jina la kadi. Ni kama kumwambia fundi gereji kwamba gari lako ni jekundu. Taja kadi yenyewe na namba ya draiva, yaani programu inayoiendesha kadi. Halafu fanya hivi: kwenye paneli hiyohiyo, menyu ya juu ya mipangilio ya 3D, washa alama ya PhysX. Ukifungua gemu itaandika pembeni kama kazi inafanywa na CPU (prosesa) au GPU (kadi). Tuletee jibu, tuache kubahatisha.

Kijana wa Bombo
Nimewasha. Inaandika CPU, na kwenye paneli bado imechaguliwa kadi! Kuhusu jina la kadi naomba tusiende huko, ni ya kisasa tu. Nikitaja watasema nimekuja kujionyesha. Swali langu ni la kadi ya pili.

Mzee wa Kaptura
Mnanikumbusha mbali. 2006 kampuni ya Ageia ilileta kadi ya fizikia peke yake. Haitoi picha, huchomeki monita, kazi yake ni kukokotoa vitu vinavyoanguka na kuvunjika. Wakati huo nilikuwa Nairobi, na bosi wetu mmoja alitumiwa moja na nduguye aliyekuwa ng'ambo. Ofisi nzima tukaenda kuishangaa. Alikuwa na gemu gani? Karata! Ile ya kupanga karata inayokuja na Windows. Miaka miwili kadi imekaa mle inasubiri kitu cha kuangusha. 2008 NVIDIA wakainunua Ageia, kazi ile ikahamia kwenye GeForce za kawaida kuanzia mfululizo wa 8, na kadi ya bosi ikawa ya kuzuia mlango. Yule bosi baadaye alioa mara ya tatu, lakini hiyo ni hadithi nyingine.

Nairobi Baridi
Mzee malizia hiyo ya ndoa ya tatu, ya kadi tumeelewa.

FundiWaya
Kijana, umelazimisha kadi na bado inaandika CPU? Basi nadhani najua. Kadi yako ni ya mfululizo wa RTX 50, sivyo? Hizo zilipotoka Januari 2025, NVIDIA walikuwa wameondoa CUDA ya biti 32, yaani njia ambayo programu za zamani hutumia kufanyia hesabu kwenye kadi. Arkham City ni programu ya biti 32, na PhysX yake hupanda juu ya CUDA hiyo. Ikikosa pa kupanda, mzigo wote unaangukia prosesa, na ile PhysX ya zamani haikuandikwa kwa ajili ya prosesa hata kidogo, inatambaa. Ndiyo maana mtu mwenye kadi ya miaka kumi iliyopita anakushinda kwenye gemu hii moja. Taja kadi.

Kijana wa Bombo
RTX 5060. Haya, nimetaja.

Boda wa Ntinda
Eee! Na sisi tunamshauri anunue PlayStation ya mtumba.

FundiWaya
Basi pona yako ipo na ni ya bure. Draiva 591.44, iliyotoka Desemba 2025, imerudisha PhysX ya biti 32 kwenye kadi za RTX 50 kwa gemu maalumu. Wamo Arkham City, Arkham Origins, Borderlands 2, Mafia II, Metro 2033, Mirror's Edge na nyingine chache. Arkham Asylum ya 2009 haikuwamo kwenye orodha ile ya mwanzo. Wewe unacheza City, kwa hiyo pakua hiyo au yoyote iliyofuata, sakinisha, zima uwashe, utazame tena alama. Itaandika GPU. Kadi ya pili ya nini?

Kijana wa Bombo
Nashukuru sana mkuu. Lakini draiva kwa sasa haiwezekani. Tuseme mtu hawezi kubadili draiva, kadi ya pili itafanya kazi au haitafanya?

Mwalimu Arua
Kwa nini haiwezekani?

Kijana wa Bombo
Bando. Hiyo draiva inakaribia GB nzima.

Nairobi Baridi
RTX 5060 mezani na GB moja inakushinda? Hii hesabu mimi siielewi.

Kijana wa Bombo
Jamani, mbona mnanihoji kama polisi? Ukweli ni kwamba nimeshatoa kianzio cha 80,000 kwa GTX 750 Ti, mjini Kampala. Ni kadi nzuri, inakula wati 60 tu, haihitaji hata waya wa umeme wa ziada, inachukua zote kwenye bodi. Nafasi ya pili ipo, nimechungulia kwa tochi. Muuzaji amesema ikifika Jumamosi sijamaliza hela anampa mwingine. Kwa hiyo si jambo la kununua au kutonunua, hapo nimeshapita.

FundiWaya
Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Je, 750 Ti inaweza kubeba PhysX huku 5060 ikichora picha? Ndiyo, inaweza. Haihitaji SLI (kuunganisha kadi zichore pamoja) wala nini. Unaichomeka, unaichagua kwenye paneli, basi.

Tatizo ni kwamba kadi zote mbili za GeForce kwenye Windows zinatumia draiva moja. 750 Ti ni ya 2014, familia ya Maxwell. NVIDIA walisema tawi la draiva 580 ndilo la mwisho kwa Maxwell na Pascal. Kuanzia 590, hazimo. Na draiva inayokutibu ni 591.44. Umeona mtego? Ukiweka 750 Ti, unalazimika kubaki na 580 ili ifanye kazi, na ukibaki na 580 hupati dawa ya bure. Siku kompyuta ikisasishwa, hiyo 750 Ti inakuwa pambo. Unalipa hela ili ujifungie nje.

Ungekuwa unanunua kadi ya pili ya familia ya Turing au mpya zaidi, ningenyamaza. Hii hapana.

Kijana wa Bombo
Kumbe jibu ni ndiyo. Asante. Mimi draiva yangu ni ya 580, kwa hiyo zitaelewana.

FundiWaya
Umesoma mstari mmoja tu.

Mwalimu Arua
Fundi, huyu haogopi bando. Bei ya GB moja haifiki popote ukilinganisha na 80,000, achilia mbali hiyo anayodaiwa kumalizia. Mimi nafundisha watoto, najua mtu anayezunguka swali. Kijana, rudi kwenye ujumbe wako wa mwanzo: umeandika "hapa kuna kompyuta". Hukuandika "nina kompyuta". Ni ya nani?

Kijana wa Bombo
Ya shemeji.

Nairobi Baridi
AAAH!

Kijana wa Bombo
Msifanye kelele. Mume wa dada yangu anachora ramani za nyumba, zile za kuzunguka ndani kama uko sebuleni kabisa, ndiyo maana kuna kadi kubwa. Mimi nakaa kwao Bweyogerere natafuta kazi. Nywila ya msimamizi anayo yeye, mimi naingia kwa akaunti ya wageni wa nyumbani, na kusakinisha draiva kunadai nywila. Kadi ya pili nachomeka tu, draiva imo tayari. Yeye kasha lile hafungui hata kufuta vumbi. Nacheza usiku wakilala, simwibii kitu, umeme wa yaka (wa kulipia kabla) nachangia.

Shangazi Mbale
Sasa nimeelewa kwa nini moyo ulinisukuma kuuliza umri. Mwanangu, unakula kwa mtu, unalala kwa mtu, halafu usiku unafungua kasha la kazi yake kwa tochi? Ikiungua hiyo mashine, dada yako atasimama upande gani? Mimi kaka yangu alikaa kwangu, akauza betri ya sola ya mume wangu akisema alidhani ni mbovu. Mpaka leo Krismasi hawasalimiani, na mimi ndiye ninayepika kwa ajili ya wote wawili.

Boda wa Ntinda
Shangazi yuko sahihi ila mimi niko upande wa Batman.

Mzee wa Kaptura
Betri ya sola iliuzwa bei gani?

FundiWaya
Kiufundi pia ni vibaya, tuache maadili. Hujui pawa saplai ya shemeji ina wati ngapi. Ukibana kadi ya pili chini ya 5060, unaziba hewa ya feni. Na mtu anayechora kwa 3D atakuta siku moja programu yake inaorodhesha kadi mbili na kumuuliza itumie ipi. Atajua.

Bahari ya Tanga
Wakuu, subirini kidogo. Nimesoma uzi wote na mimi siamini hata neno moja.

Huyu anadai hana nywila, lakini gemu ilisakinishwaje? Anadai anaogopa kujionyesha, lakini ghafla anaimba sifa za 750 Ti: wati 60, haihitaji waya, nafasi ya pili ipo, Jumamosi mwisho. Hiyo ni lugha ya kaunta, si ya mteja. Kadi za 2014 zimekosa draiva mpya, zimerundikana madukani, mtu anatafuta wa kumtwika. Mwanzo kadi, kisha bando, kisha shemeji. Kila mkimbana anatoa mhusika mpya. Na la mwisho: Mganda gani anaandika Kiswahili hiki? Mimi nimekaa Kampala, ukiuliza njia kwa Kiswahili wanakujibu kwa Kiingereza. Huyu yuko Kariakoo amekaa juu ya boksi la kadi.

Kijana wa Bombo
Gemu aliiweka shemeji mwenyewe! Ni yake, aliicheza tangu yuko chuo. Na mimi ni wa Bombo, Mnubi, babu yangu alikuwa jeshini, nyumbani ni Kinubi na Kiswahili tangu sijaota meno. Muuzaji gani anaficha jina la duka lake uzi mzima?

Mwalimu Arua
Bahari, hapo kwenye lugha umeteleza. Uganda si Kampala peke yake. Huku West Nile, kaskazini-magharibi, soko linaendeshwa kwa Kiswahili, na jeshini ndiyo lugha ya kambi toka enzi za mkoloni. Julai 2022 baraza la mawaziri lilipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi. Mimi mwenyewe nakifundisha.

Bahari ya Tanga
Mwalimu, kupitisha kwenye karatasi si kuongea. Lakini haya, la lugha nalifuta. La muuzaji linabaki.

Nairobi Baridi
Aweke picha ya ile alama ya PhysX na karatasi yenye jina lake pembeni ya monita.

Kijana wa Bombo
Saa hizi shemeji yuko kwenye mashine. Usiku.

Bahari ya Tanga
Naam. Usiku.

FundiWaya
Tuhuma zenu mtaendelea nazo. Mimi nimeona kitu kingine. Gemu ni ya shemeji! Mtu aliyecheza Arkham City chuoni, akanunua 5060, hajawahi kuiwasha akaona PhysX imelala? Mwambie tu: "Shemeji, kuna draiva imerudisha moshi wa Batman." Atatoa nywila mwenyewe kabla hujamaliza sentensi. Ataanza na kucheza yeye, hilo ndilo tatizo utakalokuwa nalo.

Kijana wa Bombo
Hujui hali ilivyo. Mpwa wangu alimwaga chai kwenye kibodi, tangu siku hiyo mashine ile ni marufuku kwa wote. Nikisema neno PhysX, atauliza nimeijulia wapi. Na draiva hagusi akiwa na kazi ya mteja mkononi, anasema zitamharibia.

Mwalimu Arua
Hilo la mwisho ana haki nalo. Subiri amalize kazi ya mteja, umwombe.

Kijana wa Bombo
Kazi ya mteja inaisha mwezi ujao. Kadi ni Jumamosi.

Ajuza wa Jinja
Samahani kwa kuingilia uzi wa watu. Mimi nina GTX 1060 na Borderlands 2, PhysX inafanya kazi vizuri. Mmenitisha. Nisasishe au nisisasishe?

FundiWaya
Mama, wewe huna ugonjwa. 1060 ni Pascal, CUDA ya biti 32 unayo, hukuwahi kuipoteza. Baki kwenye 580, za 590 kwenda mbele hazikuhusu. Matoleo ya usalama ya tawi lako yataendelea kuja, hayo pokea. Kingine usiguse.

Ajuza wa Jinja
Mungu akubariki. Ni ya mjukuu, mimi nalinda tu.

Boda wa Ntinda
Kijana, nina kompyuta ya zamani haina kadi kabisa, wati 60 inaibeba. Ukiiacha hiyo 750 Ti nichukue mimi, nikurudishie kianzio chako.

Bahari ya Tanga
Mteja wa kwanza huyo. Nilisema nini?

Kijana wa Bombo
Boda, nakupa kwa 80,000 ileile, kilichobaki unamalizana na muuzaji. Ila usiende kwake kabla ya Jumamosi mchana. Sijakataa kuichukua.