Warthog ya Halo: tupeane uzoefu, ni wapi ilikutoa jasho?

Gurudumu: Wakuu, mdogo wangu anacheza gemu ya Halo ya kwanza, ile ya 2001, na tangu juzi amekwama The Maw, hatua ya mwisho, pale meli ya angani inakaribia kulipuka na unatoroka na Warthog, lile gari la vita. Nimesikia ile injini ikinguruma sebuleni nikaacha nilichokuwa nafanya. Mimi ilinila wiki nzima. Wenzangu mlivukaje?

Tairi_Bovu: The Maw. Nimesoma jina tu viganja vimelowa.

BintiPedi: Mkuu, umenigusa. Mimi na kaka yangu tuliicheza kwa Legendary, kile kiwango kigumu kuliko vyote, skrini tumeigawa. Dakika 5 za kutoroka badala ya 6. Mimi naendesha, yeye yuko kwenye bunduki ya nyuma. Tulishashindwa mara nyingi, ila siku ile tukafika safi mpaka pale rubani wetu Foehammer anapotakiwa kutuchukua. Nikasimama. Banshee mbili, ndege za adui, zikamtungua tunaona hivihivi, na saa inahesabu. Kaka akanyamaza. Nikakanyaga mafuta.

Karibu na mwisho tairi la kushoto likapanda ukingo, gari likalala ubavu, tukamwagika wote. Kulisimamisha ni mpaka ulisogelee ushikilie kitufe, na muda huo hatukuwa nao. Nikaliacha. Tukakimbia kwa miguu, Flood na Covenant, maadui wa pande mbili, wanauana huku na huku, tunapenya katikati yao. Tumeingia kwenye Longsword, chombo cha kutorokea, saa inasoma sekunde 4. Kaka akaweka pedi chini, akatoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Tairi_Bovu: Sekunde 4! Dada, kaka yako alisema nini?

Mpiga_Kona: Dogo aache kupigana nalo. Warthog inakwenda unakotazama: kijiti cha kushoto mafuta, cha kulia ndicho kinaelekeza. Magurudumu yote manne yanakata kona, ndiyo maana mkia unateleza. Aachie mafuta kabla ya kona.

Chuma_Kizito: Asiachie hata kidogo! Mafuta mwanzo mwisho, adui agongwe. Lile la kwanza halilipuki, kuanzia Halo 2 ya 2004 ndipo wakaliharibu.

Mpiga_Kona: Hawakuliharibu. Gari la vita lisiloungua linakufundisha uzembe. Halo 2 nilijifunza kumlinda mwenzangu wa bunduki.

Chuma_Kizito: Nililipuliwa mara ngapi na roketi moja? Usinifundishe.

Mpiga_Kona: Basi ulikuwa unaendesha mstari mnyoofu.

Kivuli7: Nyinyi endeleeni. Mimi ni Halo 3, mwisho wake. Pale hakuna saa, sakafu ndiyo saa: vipande vinadondoka chini ya matairi na mwenzako Arbiter yuko nyuma anapiga risasi. Ule mruko wa mwisho kuingia kwenye meli nilisimama kitini.

Gurudumu: BintiPedi, nimemsomea dogo simulizi yako. Ameomba nimuulizie: Foehammer lazima umsubiri?

BintiPedi: Mwambie asikae. Tayari hakuna wa kumwokoa pale, kila sekunde anayosimama inamtoka mwenyewe. Na Tairi_Bovu, gari lilipolala kaka alisema "nisubiri nipande". Hakujua kuwa gari nimeshaliacha.

Mpiga_Kona: Na aachie mafuta kwenye kona.

Chuma_Kizito: Asiachie.

Gurudumu: Kavuka sasa hivi! Kona aliachia, njia nyoofu akakanyaga mpaka mwisho. Ananiuliza Halo 3 ipo wapi.