Usiku wa bluzi na muziki wa asili: kidumbak, taarab asilia au bendi ya jazi?

mja_wa_vuga
Asalaam alaykum wakubwa. Februari tuna usiku wetu wa muziki, na kuna mgeni anakuja na gitaa lake la bluzi, peke yake. Nataka kundi la hapa Unguja limtangulie, kisha mwisho wapige naye nyimbo mbili tatu. Yamebaki mambo matatu: kidumbak, taarab asilia ya watu saba, au bendi ya vijana wanaochanganya taarab na jazi. Kamati inataka jibu Jumatatu tulipe kianzio. Nyinyi mngechagua lipi, na kwa nini?

fundi_wa_spika
Waalaykum salaam. Sheikh, yote muhimu umeyaacha. Ni ndani au nje? Watu wangapi, na watakaa vitini au watasimama? Umeme wa ZECO au jenereta? Mikisa (mashine ya kuchanganya sauti) ina chaneli ngapi? Watu saba wa taarab na watu saba wa kidumbak hawaombi vyombo sawa hata kidogo.

kanuni_na_nai
Ongeza na haya: mnaanza saa ngapi, msikiti uko karibu kiasi gani, na bajeti ni ya kundi peke yake au pamoja na vyombo, gari na chakula? Bila ya hayo kila mtu hapa atakutajia kundi alipendalo, basi.

cherewa
Mimi nitajibu hata kabla hajarudi: kidumbak. Tazama kilichomo. Vidumbak (ngoma ndogo) viwili vya udongo, cherewa za kutikisa, mkwasa wa vijiti vya kugonga, fidla moja, sanduku na waimbaji. Hamna chombo hata kimoja cha kupiga kodi (sauti kadhaa kwa pamoja), yaani hakuna akodiani wala kinanda kitakachogombana na gitaa. Mpiga bluzi akibadilisha kodi anapotaka, hakuna anayemkatalia. Sanduku nalo ndilo besi: fimbo, uzi mmoja na boksi, kwa asili sanduku la chai. Mpigaji anapata sauti kwa kuivuta fimbo uzi ukaze au kuilegeza. Haliko katika ufunguo wowote, kwa hivyo mgeni akianza na E au A, sanduku linamfuata kwa sikio. Bendi za mitaani za Memphis na Louisville miaka ya 1920 zilikuwa na besi hiyo hiyo, ila wao walitumia beseni la kufulia: fimbo, kamba na beseni limepinduliwa. Mgeni wako akiliona sanduku hatahitaji kuelezwa.

kanuni_na_nai
La sanduku nakubali. Lakini kidumbak ni muziki wa kuchezwa, na nyimbo hufungana moja kwa nyingine bila ya kusimama. Huwezi kukikata kila baada ya dakika nne mtu apige makofi. Ukiwapa nusu saa, ndiyo kwanza wanapata moto. Ukikiweka mbele ya safu za viti, umekiua.

Usiku wa kumsikiliza mtu na gitaa lake unataka taarab asilia. Watu wataingia na bashrafu, ule muziki wa ufunguzi usioimbwa, masikio yatatulia, mwimbaji atakuja na nyimbo mbili za dakika kumi kumi, na mgeni atapanda jukwaani watu wameshazoea kusikiliza. Zaidi ya hapo, ile sauti ya tatu ya bluzi inayoelea baina ya kubwa na ndogo iko jirani kabisa na sauti ya tatu ya rast, moja ya maqamu (mipango ya sauti) ya Kiarabu. Mgeni akiwa anapiga kwa kuteleza na chupa kidoleni, ataifikia. Fidla na udi wataifikia bila ya taabu kwa sababu shingo zao hazina vizuizi. Kanuni, kile chombo cha nyuzi nyingi, itaifikia kwa kunyanyua vile vyuma vidogo vya pembeni.

pembe_ya_jazi
Na akodiani itafanya nini hapo? Akodiani ya kawaida haina robo ya sauti. Katika taarab anayejua kazi yake huiruka ile sauti au huipita kwa haraka. Lakini wakianza kutafutana na gitaa jukwaani, mmoja ataishika na mwengine ataipiga juu yake, na wasikilizaji wote watasikia imekwaruza.

Bendi ya vijana itakuondolea tabu hiyo. Wanajua kodi, wanajua mzunguko wa bluzi wa bari kumi na mbili, ukiwaambia "A, taratibu" wanaingia. Wengi wa hawa wamepitia DCMA, chuo cha muziki cha hapa Zanzibar, kwa hivyo mtu anakamata udi au kanuni na papo hapo anasoma kodi. Isikilizeni bendi ya Tarajazz mtaona namna ya kuitia taarab ndani ya jazi bila ya kuiharibu. Mazoezi ya saa moja na mgeni mchana wa siku hiyo yanatosha.

cherewa
Wana drams. Mtu mmoja na gitaa mbele ya seti nzima ya drams kwenye ua mdogo, hapo mgeni amekwisha.

pembe_ya_jazi
Drams hupigwa kwa brashi. Anayeijua jazi hahitaji kuambiwa.

mja_wa_vuga
Samahanini wakubwa, haya ndiyo maelezo. Ni nje, ua wa nyumba upande wa Shangani, bahari iko nyuma ya ukuta. Watu mia na hamsini, viti vimeshakodiwa. Umeme wa ZECO, na jenereta ya nyumba iko tayari ukikatika. Mikisa chaneli kumi na mbili. Tulipanga kuanza saa moja na nusu. Bajeti siwezi kuitaja hapa, ila kundi la watu ishirini haiwezi.

fundi_wa_spika
Sasa tunaweza kusema kitu. Mwanzo huo wa saa moja na nusu ufute leo leo. Isha ya Februari inakaribia saa mbili. Mtasimama katikati ya wimbo wa kwanza. Anzeni saa mbili na nusu.

Pili, chaneli. Taarab: kanuni moja, udi mmoja, fidla moja, akodiani mbili kwa sababu mkono wa kulia na wa kushoto hutoa sauti pande tofauti, dabu besi moja, dumbak moja, rika (tari dogo) moja, mwimbaji moja, waitikiaji mbili. Hizo kumi na moja. Mgeni anataka mbili, ya gitaa na ya kuimba. Umeshapita. Utaitoa maiki moja ya akodiani na hutakuwa na chaneli ya akiba hata moja. Kidumbak kitakula sita, saba kwa wingi: fidla, sanduku, moja ya ngoma zote mbili, moja ya cherewa na mkwasa, mbili za waimbaji.

Tatu, bahari nyuma ya ukuta. Hili nalisema kwa urefu kwa sababu ndilo linaloharibu usiku wa watu wengi, na hakuna anayeliuliza kabla.

Chukua mfano wa usiku mmoja katika hoteli ya pwani ya mashariki. Kundi la taarab lilikuwa zuri, hakuna wa kulaumiwa katika upigaji. Waliwekwa chumba chenye kiyoyozi wapumzike, na kanuni ikatiwa sauti humo humo saa kumi na moja jioni. Saa mbili na nusu ikatolewa nje, hatua chache kutoka majini. Daraja la kanuni limekaa juu ya ngozi. Ngozi ikinywa unyevu hulegea, daraja linashuka, na nyuzi zote sabini na kitu zinashuka nalo, lakini si kwa kiasi kimoja. Bashrafu haijamalizika, kanuni ilikuwa imeshuka chini ya sauti ya akodiani, na akodiani haitiwi sauti jukwaani. Mpigaji akawa anapiga kwa mkono mmoja, ufunguo katika mkono wa pili, anakaza uzi mmoja mmoja, na nyuzi zake zimefungwa tatu tatu kwa kila sauti.

Fundi wa hoteli aliona kanuni inapotea, akaipandisha. Maiki aliyoiweka ilikuwa ya kuimbia, nusu mita kutoka kwenye chombo. Kwa umbali huo maiki ilichukua dumbak na monita (spika za wapigaji) kabla ya kuchukua kanuni. Mluzi ukaanza. Ili kuuzima akakata sauti zote za juu kwenye mikisa, na fidla ikafa pamoja nao. Upepo wa bahari ukawa unavuma ndani ya maiki za waitikiaji kwa sababu hazikuvishwa sponji. Halafu friji za jikoni zikawaka kwenye jenereta ile ile, umeme ukashuka, mikisa ikajizima na kuwaka upya, spika zikapiga mshindo. Mwimbaji akaendelea bila ya maiki mpaka akamaliza ubeti. Watu wa meza za nyuma walikuwa wameshaondoka.

Kila kosa hapo lilikuwa na dawa. Kanuni ifike uani masaa mawili kabla ya kupigwa, ifunikwe kitambaa, ikae na hewa ile ile itakayopigiwa. Kila chombo kitiwe sauti kwa akodiani, kwa kuwa yenyewe haibadiliki, na kanuni irudiwe dakika ishirini kabla ya kupanda. Maiki yake iwe ile inayotumia volti 48 kutoka kwenye mikisa, iinamishwe sentimita kumi na tano hivi juu ya nyuzi, si karibu mno na ngozi. Mitambo iwe na laini yake ya umeme peke yake, jiko na laini yake.

kanuni_na_nai
Ahsante sana fundi. Hayo ya kiyoyozi yabandikwe kwenye mlango wa kila hoteli.

cherewa
Na ngozi za vidumbak je? Nazo hulegea, lakini dawa yake ni moto. Seredani ya makaa nyuma ya jukwaa, ngoma zinakanzwa kabla ya kupanda, zikilegea zinarudishwa. Dakika chache tu.

bi_wa_mkunazini
Seredani katika ua wa nyumba ya zamani ya Mji Mkongwe, penye milango na dari za mbao? Mwenye nyumba ameulizwa? Kama hakubali, tafuteni vidumbak vya ngozi za plastiki mapema, au mjue mapema kwamba hamvipati.

Na hakuna aliyegusa la kutunza, yaani kumpa mwimbaji pesa jukwaani. Ukileta taarab, watu watainuka kwenda kumtunza mwimbaji. Jukwaa liwe na ngazi mbele, pana, na nyaya zifungwe chini kwa utepe. Kinamama wanapanda na mabuibui na viatu virefu. Mkiweka ngazi nyuma peke yake, watu watapita baina ya wapigaji na kuangusha stendi. Kibali cha BASSFU, baraza la sanaa la Zanzibar, kimeombwa? Sheha amepewa habari?

mja_wa_vuga
Sheha anajua. Kibali bado.

bi_wa_mkunazini
Basi Jumatatu asubuhi anza huko, kianzio baadaye.

mtu_wa_mkoani
Mbona kila kitu Unguja? Pemba kuna kibati. Maneno yanakwenda mbio, huyu anatupa, yule anadaka, na ngoma chini. Bluzi nayo ni ya kuitana na kujibizana: sauti inasema, gitaa linajibu. Hapo ndipo pa kukutana, si kwenye kodi. Msewe nao, ngoma ya kuchezwa na vitu vya kulia vilivyofungwa miguuni, ungewapa miguu inayolia yenyewe.

fundi_wa_spika
Msewe kwenye jukwaa la mbao unahitaji maiki sakafuni na watu wengi. Na ni boti ya kuja na kurudi kwa kundi zima, malazi, chakula. Amesema watu ishirini hawawezi.

mtu_wa_mkoani
Kibati si lazima watu ishirini. Kila mwaka tunaambiwa boti.

kanuni_na_nai
Hapo ana haki. Hata tamasha la Sauti za Busara, tangu ilipoanza 2004 pale Ngome Kongwe, wanaokumbukwa na wengi ni wa Unguja na wa nje. Lakini kibati kitakuwa na maana gani kwa mgeni asiyejua Kiswahili? Ladha yote imo katika maneno.

mtu_wa_mkoani
Kwani taarab ladha yake iko wapi? Si katika maneno?

pembe_ya_jazi
Turudi kwenye swali. Mja, waulize wote watatu jambo moja kabla ya kulipa: nani atakuja mchana kufanya mazoezi na mgeni? Kundi lisilokuja mchana lisipewe zile nyimbo za mwisho, hata liwe zuri vipi.

cherewa
Hilo sawa. Na viti viondolewe safu mbili za mbele, watu wapate pa kucheza, kidumbak kiingie.

kanuni_na_nai
Kidumbak kimeshaingia tayari? Taarab ya watu wachache ndiyo ya asili. Siti binti Saad alipokwenda kurikodi Bombay mwaka 1928 hakwenda na okestra, alikwenda na wapigaji wachache tu. Mtu akiona gharama, apunguze: udi, fidla, dumbak, rika na mwimbaji. Hapo akodiani imetoka, lile la robo ya sauti limekwisha, na chaneli zimebaki.

fundi_wa_spika
Watu watano. Hapo na mimi nahama. Chaneli tano au sita, mgeni mbili, akiba tano au nne. Ila bila ya kanuni na akodiani, udi lazima uwe na pikapu (kinasa sauti kinachobandikwa kwenye chombo) au maiki ya karibu, usitegemee maiki ya mbali katika ua wenye upepo.

mja_wa_vuga
Hili la watu watano sikulifikiria. Kamati ilitaka kanuni ionekane kwenye tangazo. Nitawauliza. Wengine wameshalipenda sanduku baada ya kusoma hapa. Je, masanduku ya chai bado yanapatikana?

cherewa
Siku hizi chai husafirishwa kwa mifuko ya karatasi, kwa hivyo seremala hulitengeneza kwa plaiwudi nyembamba. Ikiwa nene, boksi halitikisiki, sauti inakuwa fupi. Jukwaani usiliache likandamize zulia. Nyanyua ukingo mmoja kwa kipande cha mbao, maiki iingie pale kwenye uwazi.

bi_wa_mkunazini
Uzi je? Mshipi wa kuvulia au waya?

cherewa
Mshipi mnene. Waya una sauti kubwa zaidi lakini unakata vidole na unakula tundu la plaiwudi mpaka linapasuka. Ukitumia waya, tia pete ya chuma kwenye tundu.

mtu_wa_mkoani
Mshipi mpya huvutika usiku wa kwanza. Ufungeni siku mbili kabla.