Mtoto anakataa sarafu ya tano, anataka ya bob moja

mama_wawili, Kisumu: Wazazi wenzangu nisaidieni. Kijana yangu ako PP2 (chekechea), nikimpa tano anakataa, anataka shilingi moja juu ni kubwa kwa macho, na kweli moja imepita tano kwa upana. Nimfunze aje bila kumkalisha chini kama mwalimu?

baba_kare, Nakuru: Hizi sarafu mpya za 2018 ziko na wanyama, tumia hao. Moja ni twiga, tano kifaru, kumi simba, mbao (ishirini) ndovu. Kwetu tunacheza kubadilishana, ukileta twiga watano unapewa kifaru, vifaru wawili simba, simba wawili ndovu, na msichana wangu sasa hataki kuachilia ndovu wake ata kwa mandazi. Zile za zamani za sura za marais weka kando kwanza, zitamchanganya.

shangazi_Kakamega: Mimi ningefungua duka hapo kwa meza. Omena kwa kifuniko, njugu, nyanya moja moja, kila kitu na bei yake. Alafu yeye ndio akuwe muuzaji akurudishie chenji, hapo ndio utajua kama ameshika ama anakisia tu. Watoto wa siku hizi wanaona tu M-Pesa ikibonyezwa, pesa yenyewe hawaijui. Na kama kuna mdogo wake usiache sarafu ovyo, wanameza hao.

mama_wawili: Asanteni sana, leo jioni naanza na twiga. Shida ni kuwapata sasa, dukani ukidai chenji ya bob unapewa switi 😂