Apu ya duka: nitoe listi niweke gridi? Simu ya mama mdogo inaganda

fundi_mwandiga

Habari za sa hizi wakuu. Nipo Kigoma, natengeneza apu ya duka la mama mdogo pale soko la Mwanga, natumia Flutter (zana ya Google ya kutengenezea apu). Mwanzoni duka lilikuwa la dagaa, mawese na migebuka wakavu, kwaio nikaweka listi ya kawaida, jina kushoto bei kulia basi, na ilipiga kazi vizuri mpaka wateja wa Kasulu wakawa wanaagiza bila kupiga simu kuuliza bei. Sasa mnakumbuka 2024 Ziwa Tanganyika lilivyofungwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, miezi mitatu mzima hamna dagaa, mama mdogo akaona asikae bure akaingiza vitenge, vitenge vikashika, na mpaka leo vimejaza zaidi ya nusu ya duka.

Shida ni kwamba kitenge kwenye listi hakiuziki. Mteja anasoma "Kitenge wax yadi 6 maua ya bluu", maua gani, bluu ipi, anapiga simu anasema nitumie picha WhatsApp, tunarudi kulekule. Nikabadilisha ListView (listi ya Flutter) ikawa GridView (gridi yake), safu mbili, picha juu, jina na bei chini. Kwa macho imependeza sana, picha ya skrini nimeweka hapo chini, ila chini ya kila kadi inatokea ile michirizi ya njano na nyeusi, alafu simu ya mama mdogo yenye RAM ya GB 2 inaganda kama dakika nzima kisha apu inajifunga yenyewe. Na wale wateja wa dagaa wameanza kulalamika wanapotea, zamani walikuwa wanaona bei zote kwa mara moja, sa hivi wanateleza weee hawafiki.

Nirudi kwenye listi au nikomae na gridi? Na kama kuna namna ya kuweka vyote viwili naomba mnielekeze, nimejaribu kitufe cha kubadilisha lakini ukibonyeza unajikuta sehemu nyingine kabisa ya duka.

miembe_tbr

Mkuu mi nipo Tabora, hiyo safari nimeipita na asali. Kuna kikundi cha wafugaji nyuki wa Sikonge niliwatengenezea apu, mwenyekiti akataka ipendeze kama apu za maduka makubwa, nikaweka gridi. Tukafungua, chupa kumi na mbili zimejipanga, zote rangi ileile, mfuniko uleule. Mteja wa asali anataka kujua ni ya nyuki wadogo au nyuki wakubwa, lita ngapi, bei gani, na hayo yote ni maandishi, picha haimwambii kitu. Tulirudisha listi na hakuna aliyelalamika.

Toka hapo kabla sijaamua napima hivi: nachukua kikaratasi nafunika maandishi yote kwenye skrini, nampa mtu simu namwambia chagua. Akiweza kuchagua kwa picha tu, hiyo bidhaa ni ya gridi. Akikwama, nafunika picha nabakiza maandishi, akichagua bila shida basi ni ya listi. Vitenge vyako vitapita mtihani wa kwanza, dagaa na mawese hawapiti hata siku moja, dumu la lita 20 linafanana na dumu la lita 20. Kwaio swali lako la listi au gridi mi naona umeliuliza kwa duka zima wakati jibu lipo kwa kila aina ya bidhaa.

dev_katubuka

Naungana na wa Tabora. Sasa tuje kwenye ufundi maana matatizo yako yote yanatibika, hamna haja ya kurudi nyuma.

Michirizi kwanza, hiyo ni Flutter inakuonya kwamba vitu vimezidi nafasi. GridView usipoiambia kitu inafanya kila kadi kuwa mraba, childAspectRatio yake (upana gawanya kwa kimo) ya kawaida ni 1.0. Simu nyingi huku zina upana wa 360 kwa vipimo vya Flutter, ukitoa 8 kila pembeni na 8 katikati kila kadi inabaki na upana wa 168, kimo nacho 168, picha imekula karibu yote alafu unataka jina na bei navyo vikae hapohapo, vitamwagika tu. Wengi wanahangaika kubahatisha 0.7, 0.65, 0.62 mpaka michirizi ipotee kwenye simu yao, wakija kwenye simu ya mtu mwingine inarudi. We weka mainAxisExtent: 260, kimo kinakuwa kilekile popote. Na badala ya kulazimisha safu mbili tumia SliverGridDelegateWithMaxCrossAxisExtent yenye maxCrossAxisExtent: 200, yaani kadi isizidi upana wa 200, simu itapata safu mbili na tableti ya upana wa 800 itapata nne bila we kuandika kitu kingine.

Kuganda. Hapa naomba usome taratibu. Picha za vitenge nahisi mama anapiga na simu anapandisha hivyohivyo. Picha ya megapikseli 12 ni pikseli 4000 kwa 3000, faili lake linaweza kuwa MB 3 tu ukadhani ni dogo, lakini ikifunguliwa ili ionekane kila pikseli inachukua baiti 4, hesabu hapo ni MB 48 kwa picha moja! Kwenye skrini zinaonekana sita, MB 288, na simu ya GB 2 tayari ina mambo yake mengine inafanya. Weka cacheWidth: 400 kwenye Image, inafunguliwa ikiwa 400 kwa 300, inashuka mpaka KB 480. Hiyo peke yake utaona apu imekuwa nyingine.

Ila cacheWidth inaokoa RAM, haiokoi bando, faili bado linashuka zima. Mteja wako wa vijiji vya Uvinza mtandao wenyewe wa kuvizia, umpe MB 3 kwa kila kitenge? Punguza wakati wa kupandisha, kwenye image_picker (kifurushi cha kuchukua picha za simu) kuna maxWidth na imageQuality, weka 800 na 70, picha inapungua kabla haijatoka kwenye simu ya mama. Zile za zamani uzipunguze kwenye seva.

Alafu nijibu hili: hiyo GridView umeiweka ndani ya SingleChildScrollView na shrinkWrap: true? Maana kama ndio, vitenge vyote vinajengwa kwa mpigo hata vile vya mwisho kabisa ambavyo hakuna anayeviona, na hata ukitumia GridView.builder, ile ya kujenga vinavyoonekana tu, haikusaidii kitu.

fundi_mwandiga

Dah mkuu ni kama ulikuwa umekaa pembeni yangu. Ndivyo nilivyofanya, juu nilitaka kuweka tangazo la mzigo mpya alafu gridi ifuate, ikagoma, nikaona mtu sehemu kaandika weka shrinkWrap nikaweka ikakubali nikaendelea na mengine. Vitenge vipo 310.

dev_katubuka

Basi ndo hapo. Toa, weka CustomScrollView: tangazo ndani ya SliverToBoxAdapter, vitenge ndani ya SliverGrid, dagaa na mawese ndani ya SliverList. Vyote vinateleza pamoja na kinachojengwa ni kile kinachokaribia kuonekana tu.

Kuhusu kitufe kukupeleka sehemu nyingine, sababu ni kwamba Flutter inakumbuka umeteleza umbali gani, haikumbuki ulikuwa unaangalia bidhaa ipi. Tuseme mstari wa listi una kimo cha 88 na umeshuka 3520, hapo juu ya skrini ipo bidhaa namba 40. Ukigeuza gridi yenye safu mbili, bidhaa 40 iko mstari wa 20, kila mstari ni 260 na nafasi ya 8 jumla 268, kwaio inabidi uwe 5360. Ukibaki kwenye 3520 unaona vitenge vya nyuma vya namba 26 hivi. Chukua umbali wa zamani gawanya kwa 88, unapata bidhaa, igawanye kwa idadi ya safu, zidisha kwa 268, alafu jumpTo (inakurusha mpaka umbali huo) ndani ya addPostFrameCallback ili gridi iwe imeshajipanga. Tangazo la juu utoe kimo chake kwanza kabla ya hesabu alafu ulirudishe, usilisahau hilo. Na alichochagua mteja kihifadhi kwenye shared_preferences (kumbukumbu ndogo ya apu ndani ya simu), asichague upya kila akifungua.

kotlin_gungu

Kwa anayesoma hii na anatumia Android yenyewe bila Flutter: kwenye RecyclerView usibadilishebadilishe kati ya LinearLayoutManager (ya listi) na GridLayoutManager (ya gridi), weka GridLayoutManager toka mwanzo, listi ni spanCount (idadi ya safu) 1 na gridi ni spanCount 2, nafasi ya mtu haipotei. Muonekano wa kadi ubadilishe kwa getItemViewType. Tangazo la juu litanue kwa SpanSizeLookup.

mama_doti

Mimi sio fundi, nauza vitenge Ujiji, kijana wangu ndo kanionyesha hapa. Nimeangalia picha ya skrini uliyoweka. Mwanangu, kadi sita zote chini zimeandikwa "Kitenge wax yadi 6 m..." alafu nukta. Yote sita! Sasa mteja akitaka kunitajia kwa simu atasema nini? Mteja wa kitenge anasema nataka kile cha mkia wa tausi, kile cha feni, kile cha macho. Anza na hilo jina la ua, yadi weka mwisho au weka ndogo pale kwenye bei. Na picha usimwache mama akunje kitambaa, atandike, ua lionekane zima, tena nje sio ndani ya taa ya duka, kitenge chekundu ndani ya taa ya njano kinaonekana kama cha machungwa, mteja akipokea anasema umemletea kingine na hapo ugomvi.

fundi_mwandiga

Shikamoo mama. Hilo la majina sikuliona kabisa na nimekaa na hii apu miezi. Mama mdogo mwenyewe kila siku anaviita hivyohivyo, cha tausi, cha feni, mi ndo niliyeandika wax yadi 6 kila sehemu kwa sababu ndivyo ilivyo kwenye daftari la mzigo. Nabadilisha yote leo.

mama_doti

Marahaba mwanangu. Ubarikiwe.

fundi_mwandiga

Mrejesho wakuu. Vitenge vinafunguka kwa gridi, dagaa, migebuka na mawese vinafunguka kwa listi, kitufe kipo juu kulia kwa anayetaka kugeuza na kinakumbuka. Jana jioni nimempa mama mdogo ile simu yake ya GB 2, akateleza kwa kidole gumba kutoka juu mpaka chini vitenge vyote 310, haikuganda hata mara moja, alafu akasimama kwenye cha tausi akakikuza akasema hiki kimebaki doti mbili tu kiandike. Michirizi hamna. Picha za zamani nimepunguza mia na kitu, zilizobaki namalizia usiku umeme ukiwepo.

Mzee mmoja wa Kasulu anayechukua dagaa kwa gunia kaniambia afadhali, sa hivi anaona bei.

miembe_tbr

Safi sana. Jaribu kitu kimoja kabla hujatoa toleo, nenda kwenye mipangilio ya simu ongeza ukubwa wa maandishi mpaka mwisho. Wazee wengi wameongeza. Kimo cha 260 umekifunga, herufi zikikua bei itakatika.

fundi_mwandiga

Nimejaribu sasa hivi, kweli bei imekatika nusu na michirizi imerudi. Nimeacha picha na 150 yake, ile 110 ya maandishi nimeizidisha kwa MediaQuery.textScalerOf(context).scale(14) / 14 (14 ndo ukubwa wa herufi zangu) ndo nikajumlisha, kadi inarefuka pamoja na herufi. Ile 268 ya kwenye hesabu ya jumpTo nayo nimeitoa nimeweka kimo kipya, maana ingeniangusha tena palepale. Asanteni sana.