Naomba ushauri: fidia ya kuumia ajalini inakatwa kodi?

Habari zenu wakuu. Mdogo wangu aligongwa na gari akavunjika nyonga, na sasa kampuni ya bima iko tayari kulipa ili kesi iishie nje ya mahakama. Rasimu ya makubaliano inataja kiasi kimoja tu cha jumla, bila mchanganuo, na hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo.

Ninavyoelewa, pesa ya maumivu, ulemavu na matibabu kwa kawaida haihesabiwi kuwa kipato, kwa sababu inarudisha kilichopotea. Ni haki kabisa, mtu hajapata faida yoyote kwa kuvunjwa mfupa. Utata uko kwenye mshahara aliokosa, na riba iliyoongezeka kwa malipo kuchelewa. Marekani, kwa mfano, fidia ya jeraha la mwili haitozwi kodi, hata sehemu ya mshahara uliopotea kwa jeraha hilo, ila riba na fidia ya kumwadhibu mkosaji hutozwa. Uingereza hata riba ya fidia ya namna hii inaweza kusamehewa. Kwa hiyo sheria ya kila nchi ina lake.

Waliopitia haya au wahasibu mliomo humu: tusisitize kila fungu liandikwe peke yake kabla hajasaini? Mamlaka ya kodi huheshimu mgawanyo huo, au huchunguza upya? Na akiiweka benki, faida itakayozaliwa inatozwa kama ya akiba nyingine?

Msaada wenu tafadhali, bima wanamsukuma asaini haraka.