Tupeane uzoefu: usalama na afya zetu katika bustani za nyumbani hapa Dodoma

Mama wa Nzuguni (mwanzisha mada)

Ndugu zangu, habari za majukumu. Nina matuta sita nyuma ya nyumba, ya mchicha, chainizi, bamia na nyanya, na kwa miaka mingi niliamini kwamba anayepaswa kujilinda ni mwenye shamba kubwa la zabibu au alizeti, si mimi ninayechuma mboga ya jioni. Oktoba mwaka jana, wakati jua letu linapokuwa kali kabla ya mvua za Desemba, niliingia bustanini saa nne asubuhi nikakusudia kutifua tuta moja tu. Lilipokwisha nikaingia la pili, kisha la tatu. Ilipokaribia saa saba kichwa kilikuwa kinagonga, misuli ya miguu inabana, nikatapika.

Binti yangu alinikokota hadi chini ya mwarobaini, akanivua kilemba, akanilowesha shingo na makwapa kwa kitambaa cha maji huku akinipepea, kisha akaninywesha maji ya ORS kidogo kidogo hadi nikapata nafuu. Muuguzi aliyenieleza baadaye alisema kwamba kama ningeanza kupotewa na maneno au kuzimia, nilipaswa kukimbizwa hospitali huku nikiendelea kupozwa njiani. Nilichojifunza ni kwamba hewa ya hapa ni kavu na ina upepo, hivyo jasho hukauka kabla hujaliona, nawe unadhani hujapoteza maji. Sasa nalima kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, nimevaa kofia pana, na dumu la maji ya kunywa liko pale pale kwenye tuta, maana likibaki jikoni sitalifuata.

Naomba kila mwenye kisa chake atueleze kilichomtokea na alichobadilisha.

Mkulima wa Mpunguzi

Pole sana, mama. Kisa changu ni cha dawa, na nakieleza kwa kirefu kwa sababu naona majirani wakikirudia kila msimu.

Nyanya zangu ziliingiliwa na kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya. Nilinunua dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, haina lebo, na muuzaji akanielekeza kwa mdomo tu: vifuniko viwili kwa bomba moja. Nilipulizia mchana, upepo ukivuma, nikiwa na shati la mikono mifupi, na bomba lenyewe lilikuwa linavuja taratibu mgongoni. Nililiona shati limelowa, nikasema nitaoga nikimaliza, kwa kuwa ilibaki mistari michache. Jioni mate yalikuwa yanajaa mdomoni bila kukoma, macho yakaona ukungu, na misuli ya mikono ikawa inachezacheza yenyewe. Mke wangu akamulika tochi usoni mwangu, akasema mboni zimekuwa ndogo kama tundu la sindano.

Kituoni daktari aliuliza swali moja kabla ya yote: ni dawa gani? Sikuwa na jina la kumpa. Alinitibu kwa kufuata dalili, namshukuru Mungu, lakini swali lile sijalisahau. Tangu siku hiyo nanunua kopo lililofungwa, lenye lebo ya kusomeka na lililosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Naangalia utepe wa rangi, kwa kuwa mwekundu maana yake ni sumu kali mno, na nasoma idadi ya siku za kusubiri kabla ya kuchuma. Bomba nalijaribu kwa maji matupu kwanza. Napulizia alfajiri upepo ukiwa umetulia, nimevaa mikono mirefu, glovu, miwani na barakoa. Dawa ikinimwagikia naacha kazi hapo hapo, navua nguo na kuoga kwa sabuni. Nguo hizo hufuliwa peke yake. Na tafadhali, dawa isihifadhiwe kamwe kwenye chupa ya maji au soda, kwa sababu mtoto ataiona ni kinywaji.

Mwalimu mstaafu, Kongwa

Mimi nilirundika mabua ya mtama kando ya bustani, nikaenda kuyachukua kwa mkono wakati wa magharibi. Kifutu alikuwa amelala chini yake, akaniuma juu ya kifundo cha mguu. Majirani walikuja na wembe, kamba na jiwe la nyoka, kila mmoja kwa nia njema kabisa. Mwanangu aliwakatalia wote. Alinivua kiatu kabla mguu haujavimba, akaufunga ubao kama mguu uliovunjika ili usitikisike, akanibeba hadi kwenye gari tukaenda hospitali. Uvimbe ulikuwa umefika gotini tulipowasili. Kuchanja hakutoi sumu, na kamba inayokaza inaweza kuua nyama ya mguu. Siku hizi siingii bustanini bila gambuti, na rundo lolote nalitikisa kwanza kwa fimbo ndefu.

Dada wa Bahi

Langu ni fupi. Mume wangu alichomwa na msumari wenye kutu akiwa anasambaza samadi, akapaka mafuta ya taa akaendelea na kazi. Nilimlazimisha aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha twende zahanati, kwa kuwa vijidudu vya pepopunda huishi kwenye udongo na kinyesi cha mifugo. Sisi wanawake huchanjwa tukiwa wajawazito, lakini yeye hakukumbuka chanjo yoyote tangu utotoni. Kaka zetu, ulizieni chanjo hiyo kabla hamjachomwa.

Mama wa Nzuguni

Nawashukuru sana. Mwalimu, shikamoo, na pole kwa yaliyokupata. Rundo kama hilo ninalo karibu na koki ya maji, mahali ambapo wajukuu hunawa miguu. Kesho asubuhi, jua likishatoka, vijana watalivuta kwa reki wakiwa na gambuti, na watoto watakaa ndani hadi tumalize.